Diski Ina Rejista Yake, Tufundishwe!

Wengi wetu hudhani kuwa faili ikifutwa kwenye flashi imekwisha, kwaheri ya kuonana. Sivyo hata kidogo!

Flashi nyingi ndogo tutumiazo hufuata mpango uitwao FAT, ulioanzia Microsoft mwaka wa 1977. Ndani yake mna rejista mithili ya ile ya mwalimu wa darasa. Kila faili ina mstari wake wa baiti 32: jina, ukubwa, tarehe na namba ya chumba cha kwanza ilimolala. Jedwali jingine huonyesha chumba kinachofuata, hadi cha mwisho. Ukifuta faili, kompyuta hubadilisha herufi ya kwanza ya jina na kuandika kwamba vyumba vile ni vitupu. Basi! Maandishi yenyewe yangali pale mpaka mengine yaandikwe juu yake.

Sasa, mbona somo la kompyuta huishia kupiga chapa tu? Mtahiniwa wa Kidato cha Nne akipoteza mradi wake, ati huambiwa anunue flashi nyingine aanze upya. Angejua habari za rejista, asingeandika kitu kingine mle. Angetafuta programu ya kuokoa faili, na huenda mradi ungepatikana.

Naomba tutengewe vipindi viwili tu vya jambo hili. Nasi tuache kuchomoa flashi kwa pupa, kwani rejista yaweza kukatizwa ikiwa bado inaandikwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.