Mafunzo yafike kwa mikono inayochuma

Kila barua ya mwaliko inapofika kwenye koperative, tunajua tayari ni nani atakayeenda. Ni yule anayesoma Kifaransa, mwenye telefone kubwa, na karibu kila mara ni baba, juu karte ya uanachama iko kwa jina lake. Anaenda mjini siku tatu, anarudi na kofia na daftari. Daftari linawekwa juu ya kabati. Barua ingine ikikuja, ni yeye tena, kwani sasa wanasema ana uzoefu.

Sisi wakulima wa kahawa wa kando ya ziwa Kivu tunaona namna hii ya kufundisha inatupotezea pesa.

Chukueni mfano wa ladha ya kirayi. Wanunuzi wa ng'ambo wanaijua sana: kahawa nzuri ya Kivu, ya Rwanda au ya Burundi, mtu anaimimina kwenye kikombe, inanuka kirayi kibichi. Ugonjwa huu unafungamana na kidudu antestia kinachotoboa tunda la kahawa. Punje moja tu inatosha kuharibu kikombe kizima, na mara nyingi ukiitazama kwa macho hauoni kitu. Dawa yake kubwa iko shambani: kupogoa miti ili mwangaza uingie, kutoacha matunda ya zamani kwenye matawi, kuchuma yaliyoiva tu, kutenga yaliyotobolewa, kisha kutia matunda ndani ya maji na kuondoa yanayoelea.

Sasa tuulizane kwa ukweli. Nani anachuma? Ni wamama, vijana, na wale tunaowalipa kwa siku. Nani anatenga mabaya jioni, mbele ya kupeleka kahawa kwenye stasio ya kuoshea? Ni mama na watoto wake. Na ni nani aliyefundishwa habari ya antestia? Mwenye kofia. Kwenye stasio kahawa yetu yote inachanganywa. Kazi ya mama mmoja ambaye hakuna mtu aliyemweleza inaweza kushusha bei ya watu wote, na hapo tutamlaumu yeye.

Wengine wanasema: wamama hawana nafasi, na wazee wasiojua kusoma wanachelewesha kikao. Nafasi hawana, ndiyo, kama kikao kinaanza saa tatu asubuhi mjini, mtoto yuko mgongoni na sombe bado haijatwangwa. Kifanyeni shambani, alasiri, saa mbili tu, kwa Kiswahili, kwa Mashi au kwa Kihavu, muone kama hawatakuja. Na kutofautisha tunda zima na lililotobolewa, kusoma kunahitajika wapi? Kuna mabibi wanaotambua hayo kwa kugusa tu kuliko agronome mwenyewe.

Mambo yanageuka haraka, hilo linatuogopesha zaidi. Umoja wa Ulaya ulitoa sheria mwaka 2023: kahawa na kakao zisitoke kwenye shamba lililokatiwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na mahali pa kila shamba pajulikane. Kwa shamba lisilozidi hektari 4, alama moja ya GPS inatosha. Kuanza kwake kumesogezwa mbele, lakini wanunuzi wameshaanza kuuliza. Kijana anaingia na telefone kwenye shamba la mjane, anapima, anaondoka. Mjane anawaza kwamba wanataka kumnyang'anya ardhi, au kodi inakuja. Kesho anamfukuza. Shamba lake linabaki bila alama, kahawa yake inaweza kukataliwa, na hakuna mtu aliyekaa naye hata nusu saa kumweleza. Je, huyo ni mkaidi?

Vyama vya ushirika duniani viliandika kanuni zao 7 mwaka 1995. Ya tano inasema ushirika unafundisha wanachama, viongozi waliochaguliwa, mameneja na wafanyakazi. Wafanyakazi pia wamo. Haikuandikwa: wenye telefone.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya yaingie kwenye mkutano mkuu ujao, kahawa ikiwa bado mbichi kwenye miti. Anayetumwa mjini afundishe shambani ndani ya wiki mbili, kundi kwa kundi. Asipofanya, barua ingine iende kwa mtu mwingine. Kila nyumba iandikishe majina mawili, la mwenye karte na la anayefanya kazi yenyewe. Pesa ya usafiri ya kikao kimoja cha mjini inaweza kumlipa agronome kuzunguka vilima vingi. Na ninyi mashirika mnaotutumia mialiko, msituombe tena "watu 2 wanaojua Kifaransa". Ulizeni kwanza ni nani anayechuma.