Msiucheke Mkono Ulioishika Simu

Wapo watu ambao, wakiona video ya simu imelala ubavu katika kioo cha kompyuta, hawaulizi sababu, hucheka. Kisha humtafuta aliyeishika simu ili wamwite mshamba. Nami nasema kuwa kicheko hicho ni dhuluma, na kwamba sisi walimu ndio tunaokipalilia.

Hapa Isiolo niliwatuma wanafunzi wawili waende Garba Tulla kumhoji mzee aliyeyaona kwa macho yake mambo ya vita vya Shifta, vya mwaka 1963 hadi 1967. Mzee alisimama mbele ya zizi la ngamia wake, bakora mkononi, akasimulia jinsi watu walivyokusanywa kambini na mifugo yao ikafa. Simu ilishikwa wima, na katika kioo chake mzee alionekana wima vilevile. Siku ya maonyesho, mbele ya wazazi, video ikatiwa katika kompyuta ya ukumbini. Mzee akatokea amelala, miguu kushoto na kichwa kulia, zizi limeinuka kama ukuta. Watu wakaangua kicheko. Mjukuu wake alikuwamo. Mwalimu mmoja akasema kwa sauti, "Hawa hawajui hata kushika simu," na alama zikakatwa.

Haki ya mambo ni hii. Ndani ya simu mna kijibamba kinachopokea nuru, nacho kimefungwa mahali pake, hakigeuki. Simu ikishikwa wima, kijibamba hicho huiona dunia imelala. Kuigeuza kila picha, nazo aghalabu ni 30 katika sekunde moja, ni kazi. Basi watengenezaji walichagua njia ya mkato. Simu huziacha picha zilale kama zilivyo, ikaandika katika faili alama ndogo ya kuamuru zigeuzwe nyuzi 90 wakati wa kuonyeshwa. Programu iisomayo alama hiyo humsimamisha mzee. Programu isiyoijali humlaza. Tena alama yenyewe yaweza kupotea njiani, faili inapohaririwa au kubadilishwa umbo. Mkono umekosa nini hapo?

Kosa moja la mkono lipo, sitalificha. Simu hutambua upande wa juu kwa kifaa kidogo kinachopima mvuto wa ardhi, na aghalabu huuandika upande huo mara tu kurekodi kunapoanza. Aanzaye wima kisha akailaza simu katikati ya kazi, picha zake zitalala toka hapo. Vivyo hivyo aielekezaye simu chini kuchukua daftari lililo mezani: mvuto hupita mgongoni mwa simu, nayo hukisia tu. Lakini hayo hufundishika kwa dakika tano, na asiyefundishwa hana hatia.

Wengine husema simu na ishikwe mlalo daima, kwa kuwa kioo cha kompyuta ni kipana. Ni kweli kwamba katika kioo cha 16 kwa 9 video ya wima hukaa katika nafasi isiyotimia theluthi moja, na pembeni kukabaki giza. Kwa mto Ewaso Nyiro uliofurika, au kundi la ngamia likielekea kisimani, ningeilaza simu mimi mwenyewe. Lakini mtu aliyesimama ana kimo kuliko upana. Picha ya babu itundikwayo sebuleni aghalabu ni ya wima. Sijasikia aliyeiita ya kishamba. Giza la pembeni halimdhalilishi mzee. Kulazwa kunamdhalilisha.

Wajibu ni wa aonyeshaye. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuuandaa ubao kabla ya kengele. Na video ni ubao. Awaitaye watu ukumbini na aifungue siku iliyotangulia, katika kompyuta ile ile itakayotumika. Akiikuta imelala, programu kama VLC yaweza kuigeuza wakati wa kuonyesha, na zipo nyingine ziwezazo kuzigeuza picha zenyewe na kuzihifadhi upya, zisitegemee alama tena. Nilipoifanya kazi hiyo kwa video ya mzee, chai yangu haikupata kupoa. Naona haya kulisema hilo, kwani ningaliweza kuifanya kabla ya maonyesho. Na mwalimu yule aliposema, mimi nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Alama za wanafunzi wale na zirudishwe. Na video ionyeshwe tena katika ukumbi ule ule, mbele ya watu wale wale, mzee akiwa amesimama.