Dola 10 za Mkenda si dola 10 za uwanja wa ndege

Shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Desemba, biashara katika njia panda ya Likuyufusi hubadilika sura. Hapo ndipo barabara ya Mkenda, mpakani mwa Msumbiji, inapoachana na ile inayoendelea upande wa Peramiho na Mbinga hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Wenye maduka, mama lishe, wenye nyumba za kulala wageni na mawakala wa mabasi wanaijua vizuri kalenda hiyo. Pesa ya mahindi na ya kahawa imeshaingia mifukoni, watoto wako nyumbani, na kila ukoo una harusi, ubarikio au kaburi la mzee linalosubiri kujengewa. Huko Malawi yuko shangazi, na ng'ambo ya mto Ruvuma yuko mjomba. Ndugu mfanyabiashara, hii nayo ni sehemu ya soko, ingawa haionekani katika orodha za bei za mazao.

Safu hii kwa kawaida hushughulika na debe, gunia na kilo. Safari hii tuangalie bidhaa nyingine, yaani safari ya familia kuvuka mpaka wakati wa likizo, na jinsi masharti ya kupimwa na karantini wakati wa UVIKO-19 yalivyoipandishia bei mpaka walaji wengi wakaiacha. Maoni yetu ni kwamba kosa halikuwa katika kupima. Kosa lilikuwa kumtoza abiria wa basi la Mkenda kwa kiwango kile kile anachotozwa abiria wa ndege, na kumtoza kwa kichwa. Msafiri wa biashara huhesabu kichwa kimoja. Familia huhesabu saba.

Tukumbushane kidogo mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na kuanzia wiki iliyofuata wageni kutoka nchi zilizoathirika walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Sharti hilo liliondolewa Mei 18 mwaka huo huo. Tanzania haikufunga mipaka yake, lakini majirani walikuwa na mipango yao. Msumbiji iliingia katika hali ya hatari Aprili 1. Zambia ilifunga Nakonde kuanzia Mei 11, jambo ambalo wafanyabiashara wetu wa Tunduma hawajalisahau, na Kenya ikazuia abiria kuvuka mpaka wake na Tanzania Mei 16, ikiacha mizigo tu. Mwezi wa Agosti nchi hizi mbili zilivutana juu ya karantini mpaka ndege za Kenya zikazuiwa kutua kwetu, halafu zikaruhusiwa tena Septemba 16. Kisha Malawi, siku mbili tu kabla ya Krismasi ya 2020, ikafunga mipaka yake kwa siku 14 isipokuwa kwa raia wake waliokuwa wanarudi na kwa mizigo muhimu.

Hebu fikiria hilo la mwisho. Mtu ameshanunua zawadi, ameshawaambia ndugu, ameshamwachia jirani kuku na mbuzi. Siku mbili kabla ya sikukuu njia inafungwa. Hapo mwenye hasara si yeye peke yake. Wamo mwenye basi, mwenye boti, mwenye nyumba ya wageni Mbamba Bay aliyenunua magodoro mapya kwa mkopo, na muuza vitenge aliyejaza duka akitarajia wageni.

Mwaka 2021 mambo yaliwekwa katika utaratibu ulio wazi zaidi. Kwa tangazo la Mei 3 mwaka huo, kila msafiri anayeingia nchini alitakiwa kuwa na cheti cha kipimo cha PCR kilichofanyika ndani ya saa 72, muda ambao baadaye uliongezwa kuwa saa 96. Halafu alipimwa tena kwa kipimo cha haraka alipofika. Ada ya kipimo hicho cha haraka ilikuja kuwa dola 10 kwa Tanzania Bara na dola 25 kwa Zanzibar. Aliyetoka katika nchi zenye aina mpya za kirusi alipelekwa karantini siku 14 kwa fedha zake. Kwa msafiri anayetoka nchini, ada ya PCR ilikuwa dola 100.

Sasa tuchukue kalamu. Familia ya Peramiho ina baba, mama, bibi na watoto wanne, na inataka kwenda Malawi wiki mbili. Tuseme watoto wawili ni wadogo na wamesamehewa kupimwa, maana nchi nyingi zilikuwa na msamaha wa namna hiyo. Wanabaki watu 5. Vyeti vya kutokea ni dola 500. Vipimo vya kurudia mpakani ni dola 50. Vyeti vya PCR vya kuchukua huko Malawi kabla ya kurudi tusivihesabu, ingawa navyo havikuwa bure. Kwa kiwango cha wakati ule cha shilingi 2,300 hivi kwa dola, jumla ni shilingi 1,265,000. Mahindi tukiyahesabu kwa shilingi 500 kwa kilo, hayo ni zaidi ya magunia 25 ya kilo 100, na msimu ule wapo wengi mkoani Ruvuma waliouza chini sana ya hapo. Bado nauli, bado chakula cha njiani, bado ile bahasha ya shughuli ambayo huwezi kufika kwa shangazi mikono mitupu ukaeleweka.

Linganisha na mtalii anayeshuka Kilimanjaro na tiketi ya dola 1,000. Kwake dola 10 ni moja katika mia ya nauli, hazibadilishi uamuzi wake hata kidogo. Kwa abiria wa Mkenda, tuseme nauli yake kutoka Songea ni shilingi 15,000. Kipimo cha dola 10 ni shilingi 23,000. Yaani ada ya mpakani imeizidi safari yenyewe. Kodi ya namna hiyo wachumi wana majina yao ya kuiita, sisi wa sokoni tunasema imemla mnyonge.

Kuna pia suala la saa. Saa 72 huanza kuhesabiwa sampuli inapochukuliwa, si jibu linapotoka. Maabara za PCR zilikuwa katika miji mikubwa michache, na Maabara ya Taifa iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Barabara ya Likuyufusi hadi Mkenda ni kilomita 122 na ushei, na Desemba ni masika yetu. Gari likikwama tope usiku mmoja, cheti cha dola 100 kinaweza kukufia mkononi. Masharti yaliandikwa na watu waliofikiria ratiba ya ndege.

Lakini ada, pamoja na ukubwa wake, si kitu mbele ya karantini. Hapa ndipo wengi walipopima mambo na kuacha safari. Mtumishi wa serikali au mwalimu akiwekwa siku 14, mshahara unaendelea. Mwenye duka moja la rejareja hana likizo ya aina hiyo. Siku 14 za kufuli mlangoni ni pango linalolipwa bila mauzo, mkopo unaodai rejesho la wiki, nyanya na samaki vilivyooza, na mteja aliyezoea duka la jirani. Vyumba viwili vya nyumba ya wageni kwa shilingi 15,000 kila kimoja, siku 14, ni shilingi 420,000, na sehemu zilizoteuliwa kwa karantini hazikuwa lazima za bei hiyo. Na karantini haiji kwa hakika, inakuja kwa bahati. Mtoto mmoja akionekana ana virusi njia ya kurudi, familia nzima imekwama. Kwa lugha ya biashara, hapo unaweka rehani mtaji wote kwa safari ya wiki mbili. Ndiyo maana tuliona akina baba wakienda peke yao, au bibi akibaki, au simu ya mkononi ikitumwa pesa badala ya watu. Ilikuwa busara. Lakini kila aliyebaki nyumbani ni kiti kitupu katika basi na kitanda kitupu Mbamba Bay.

Wengine hawakubaki. Ruvuma ni mto mrefu, mitumbwi ni mingi, na watu wa kingo zake mbili walikuwa wakivukiana kabla hapajakuwa na forodha. Ada ikiwa kubwa kuliko faida ya kupita njia halali, njia za panya hupata wateja wapya, na huyo anayevuka kwa mtumbwi hapimwi kabisa. Mzigo wake haulipiwi ushuru, ukikamatwa hana pa kulalamika, na daktari hajui alikotoka. Kwa hiyo ada iliyowekwa kulinda afya, ikizidi kimo, inaivunja kazi ile ile iliyowekewa. Hili wakubwa wa mapato wanalijua vizuri kwa upande wa sigara na sukari. Sijui kwa nini linasahaulika kwa upande wa vipimo.

Wapo watakaosema familia zingetulia tu, gonjwa lilikuwa linaua. Ni kweli lilikuwa linaua. Malawi ilipoteza mawaziri wawili kwa siku moja, Januari 12, 2021. Wakazi wa Peramiho, wanaoishi chini ya ukuta wa hospitali ya misheni ya Mtakatifu Yosefu, hawahitaji kufundishwa maana ya wodi iliyojaa. Hakuna hapa anayetetea mtu mwenye homa apande basi. Hoja yetu ni kwamba mtu mzima asiye na ugonjwa, aliye tayari kupimwa, asikimbizwe na bei.

Na hapa liko jambo moja ambalo halikusemwa vya kutosha. Madereva wa malori katika Jumuiya ya Afrika Mashariki walipewa cheti kinachodumu siku 14, ili mizigo isilale mipakani. Mpango mzuri. Lakini majirani wa Ruvuma ni Malawi na Msumbiji, ambao hawamo katika Jumuiya hiyo. Tunakutana nao SADC. Kwa hiyo makubaliano yaliyofikiwa kwa ajili ya Namanga na Rusumo hayakuwa na maana kubwa kwetu. Kusini tulibaki na kila nchi na tangazo lake, na kila tangazo likibadilika kabla wino haujakauka. Na hata huko kaskazini, cheti cha siku 14 kilikuwa cha dereva. Hakuna aliyefikiria cheti cha familia.

Masharti yale ya UVIKO-19 sasa ni historia, na WHO ilitangaza mwisho wa hali ya dharura Mei 5, 2023. Lakini ndugu msomaji usiweke daftari kabatini. Mpox ilitangazwa dharura ya kimataifa Agosti 14, 2024, na dharura hiyo ikamalizwa Septemba 2025. Kati ya hapo, Julai 2025, Msumbiji ilithibitisha wagonjwa katika wilaya ya Lago, jimbo la Niassa. Lago si mbali. Ni ng'ambo yetu. Safari hiyo hatukuona kufuli mpakani, jambo la kupongezwa, lakini inaonyesha kwamba swali la kupima na kuzuia linaweza kurudi likizo yoyote.

Likirudi, tunaomba mambo machache yawe yameshapangwa. Ada ya mpaka wa nchi kavu ipangwe kwa shilingi na si kwa dola. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, basi na kipimo cha Mkenda kifuate njia hiyo hiyo. Familia iwe na kikomo, kwamba baada ya vichwa vitatu waliobaki wasilipe. Cheti kimoja kifae kwa kwenda na kurudi ndani ya siku 14, kama cha dereva. Na mazungumzo na Lilongwe na Maputo juu ya hayo yafanywe sasa, wakati hakuna anayekohoa.

Kwa wenye mitaji midogo, tusingoje serikali. Unayeagiza vitenge, soda na vyombo kwa ajili ya wageni wa Desemba, jitahidi sehemu ya mzigo uichukue kwa mali kauli, na mkubaliane kwa maandishi kwamba kisichouzwa kitarudi. Mwenye nyumba ya wageni Mbamba Bay, unapokwenda benki, piga hesabu ya rejesho kwa wageni wa ndani tu, wa Songea, Mbinga na Njombe. Wa kutoka ng'ambo wahesabu kama nyongeza. Na familia inayopanga kuvuka mwaka huu, ulizeni masharti ya pande zote mbili wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, si mwezi mmoja kabla, na mwachieni mtu anayeaminika ufunguo wa pili wa duka.