Sebule ya Pwani, baridi ya Hanang

Mwenzangu kwao ni Tanga. Tulipohamia Balangdalalu nilitaka makochi ya mkopo; yeye akataka mkeka, mito na kuta nyeupe kama za kwao. Tulinuniana wiki nzima. Mwishowe tukahesabu fedha: hazikufika hata kochi moja. Basi chokaa tukapaka wenyewe, doti ya kanga ikatoa mapazia mawili, godoro kuukuu tukalikata likawa mito ya kukalia.

Ila wasomaji wangu, Juni chini ya Mlima Hanang si Tanga! Saruji inauma mifupa; tandikeni jamvi kwanza, juu yake mkeka. Na ukutani, hadi usawa wa mgongo, pakeni rangi ya mafuta ya kahawia, maana chokaa humchafua anayeegemea, na vumbi la kiangazi halina adabu.

Makochi sijayasahau. Yeye anajua.