Uwanja wa Gofu wa Umma Hupimwa Langoni



Kila mwenzetu arudipo Sengerema kutoka Dar es Salaam, kwa kazi au kwa likizo, huzuka barazani petu habari ya ule uwanja wa gofu ulio karibu na bahari. Atwambia ya kuwa nyasi zake zimekatwa sawasawa kama zulia, vibendera vyasimama juu ya mashimo, na upepo wa Bahari ya Hindi waburudisha. Kisha hutoa hukumu: "Ule ndio uwanja bora wa umma katika nchi hii." Hukumu hiyo tumeisikia mara nyingi, nasi tumenyamaza kwa adabu. Leo hatunyamazi, maana ina makosa mawili, na kosa la mtu aandikaye barua na hati za Serikali haliishii barazani. Huingia katika majalada, likakaa humo miaka mingi.

Kosa la kwanza ni katika neno umma. Uwanja ule wa Gymkhana, wenye mashimo 18, ni wa klabu yenye wanachama wake na kanuni zake. Hatuilaumu klabu kwa hayo, maana klabu ni ya wanachama kama chama chetu kilivyo cha wanachama. Twamlaumu mwenzetu aitaye cha umma kitu alichokitazama kutoka barabarani. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 yasema ya kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Mwenye hati amepewa haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99. Basi chini ya nyasi ardhi ni ya umma, na juu ya nyasi matumizi ni ya wachache. Karani asiyeweza kutenga mambo haya mawili asishike kalamu siku ya kupima viwanja.

Kosa la pili ni kupima ubora kwa nyasi. Hatudharau kazi ya mtunza nyasi. Karibu na bahari kazi yake ni ngumu: upepo hubeba chumvi, maji ya visima huweza kuwa na chumvi, na jua halina huruma. Anayestawisha majani mahali kama hapo astahili sifa na ujira mwema. Walakini majani si mchezo. Katika viwanja vingi vya zamani vya bara, huku Afrika ya Mashariki, mahali penye shimo hapakuwa na nyasi hata kidogo. Palitandazwa mchanga uliochanganywa na mafuta, ukasawazishwa, na mpira ukaviringika vizuri. Wachezaji walicheza na mashindano yakafanyika. Ikiwa mchezo wenyewe waweza kuishi bila zulia la kijani, yawaje sisi tulifanye zulia kuwa hakimu?

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Nasi twaikubali mithali hiyo kwa nyumba ya mtu. Kwa uwanja wa umma twasema kinyume chake: mlango ndio ubora wenyewe. Tutazame mifano miwili ya pwani za mbali.

Mfano wa kwanza ni Durban, Afrika ya Kusini, mwaka 1963. Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kwa jina la Papwa, alikuwa mtu wa asili ya Kihindi aliyeanza kwa kuchukua fimbo za wengine. Alishika fimbo kinyume cha desturi, mkono wa juu ukiwa chini, na bado alikuwa amekwisha kushinda mashindano makuu ya Uholanzi mwaka 1959 na 1960. Mwaka ule wa 1963 alishinda mashindano ya Natal katika uwanja wa Durban Country Club, uwanja wenye sifa kubwa katika Afrika yote, karibu kabisa na bahari. Mvua ikanyesha. Wenyeji wakawa ndani ya jengo la klabu, na yeye mshindi akapewa kombe lake nje, mvuani, maana kwa ubaguzi wa nchi ile mtu wa rangi yake hakuruhusiwa kuingia. Twauliza: nyasi za siku ile zilikuwa mbaya? Hapana, zilikuwa nzuri. Kilichokuwa kibaya ni mlango.

Mfano wa pili ni St Andrews, Uskoti, pwani ambako mwaka 1764 mashimo 22 yalipunguzwa yakawa 18, hesabu ifuatwayo leo duniani kote. Uwanja huo wa kale si mali ya klabu yoyote. Husimamiwa na wadhamini kwa niaba ya umma, chini ya sheria iliyowaweka mwaka 1974. Mchezaji asiye mwenyeji huweza kuomba nafasi kwa kura. Ada yake si ndogo, nasi hatuifichi habari hiyo. Walakini siku ya Jumapili, kwa desturi, uwanja hufungwa kwa gofu, na watu wa mji huja kutembea juu yake na watoto wao. Mabingwa wa dunia hushindana pale pale, wala nyayo za wenyeji hazijaupunguzia heshima.

Sasa turudi kwetu. Gofu ya Afrika ya Mashariki ilifuata ofisi za wakoloni. Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu hili, mchezo ulianza mwaka 1901, mji huo ukiwa makao ya utawala wa Waingereza katika Uganda. Nairobi ilifuata mwaka 1906, na Mombasa mwaka 1911. Palipojengwa afisi na nyumba za wakubwa, hapakukosa kupimwa ardhi ya kuchezea. Waafrika waliingia humo wakifyeka majani, au wakiwa na mfuko wa fimbo za mtu mwingine begani. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiongoza, makarani walijua vema maana ya kuiandika ramani usiyoruhusiwa kuikanyaga. Sisi tulio warithi wao tusisahau upesi hivyo.

Atasema mtu, "Gofu si mchezo wetu, yatuhusu nini?" Yatuhusu kwa ukubwa wake. Uwanja wa mashimo 18 hula hekta 50 na zaidi, nao uwanja wa kandanda hula chini ya hekta moja. Mchezo uombao nafasi ya viwanja vya kandanda zaidi ya hamsini sharti ujibu maswali zaidi ya hamsini.

Sisi twatosheka na manne. Je, mtoto wa mvuvi au wa mkulima aweza kuingia na kujifunza kwa ada aiwezayo? Je, mchukuzi wa fimbo ana siku yake ya kucheza, na ujira ulioandikwa? Je, maji ya kunywesha nyasi hayapunguzi maji ya kunywa watu? Je, njia ya kwenda majini imebaki wazi? Uwanja ujibuo ndiyo mara nne ni bora, hata nyasi zake zikiwa na vipara. Uwanja ujibuo hapana ni bustani ya mtu, nasi tuuite hivyo.

Swali la nne latukaza zaidi sisi wa Sengerema. Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, na safari iliyongoja kivuko sasa ni ya dakika chache. Hapana shaka waombaji wa ardhi ya ukingoni mwa ziwa watakuja, na baadhi yao watakuja na picha nzuri za nyasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yalinda mita 60 kutoka ufukoni, wa bahari na wa ziwa, zisifanyiwe shughuli za kudumu. Maombi hayo yatapita mezani petu kabla ya kufika kwa wakubwa. Yatupasa tuyasome mpaka ukurasa wa mwisho, tutafute katika ramani njia ya wachota maji na ya wavuvi, na tusipoiona tuandike hivyo kwa wino, tukitia sahihi.

Na mwenzetu arudipo tena kutoka pwani akausifu uwanja, tumkaribishe kiti, tumpe chai, kisha tumwulize neno moja tu: "Uliingia?"