Usajili wa jina umehamia kwenye mfuko wa gofu

SHABIKI wa soka wa nchi hii anaujua vizuri ugonjwa wa usajili wa jina. Dirisha likifunguliwa, klabu inaleta straika mwenye wasifu mrefu, picha za uwanja wa ndege zinasambaa, jezi zinauzwa. Ligi ikianza, kocha anagundua jamaa anataka mipira ya kukimbilia nyuma ya mabeki wakati timu yake inacheza pasi fupi fupi. Baada ya miezi sita tunaambiwa wameachana kwa makubaliano ya pande mbili.

Sasa ugonjwa huo upo pia kwenye gofu.

Najua kuna atakayeuliza, mwandishi wa mpira gofu inamhusu nini? Inamhusu kwa sababu wanasoka wenyewe wako huko. Mwaka 2019 Gareth Bale alishangilia nyuma ya bendera iliyotanguliza Wales, ikafuata gofu, Madrid ikaja mwisho. Kule Hispania ikawa kesi. Alistaafu soka Januari 2023, na mwezi uliofuata tu alikuwa Pebble Beach, Marekani, anacheza gofu na wakubwa. Harry Kane naye gofu anaipenda kwelikweli. Hata hapa nyumbani wapo wadau wa mpira ambao Jumamosi asubuhi huwapati kwenye simu. Wapo Lugalo au Gymkhana.

Hoja yangu ni moja. Fimbo ya gofu ichaguliwe kwa kufuata swingi ya mtu, yaani namna anavyoirudisha nyuma na kuishusha kwenye mpira. Isichaguliwe kwa kufuata jina la bingwa aliyeishika kwenye televisheni. Na anayeumizwa zaidi na kosa hili siyo bosi mwenye hela. Ni kijana kedi anayerithi fimbo za bosi.

Tuanze na draiva, straika wa mfuko.

Sheria za gofu zinaruhusu fimbo 14 tu, na kichwa cha draiva hakitakiwi kuzidi sentimita za ujazo 460. Kampuni nyingi kubwa zimeshafika kwenye kikomo hicho zamani. Kwa hiyo ukiwa dukani, ukubwa wa kichwa usikubabaishe. Angalia mwinamo wa uso wake, ugumu wa mpini na urefu wa mpini.

Mwinamo unapimwa kwa nyuzi. Draiva nyingi zipo kati ya nyuzi 8 na 12. Mtu anasikia mchezaji fulani mkubwa anatumia nyuzi 9, na yeye anakimbilia 9. Kaka, yule anashusha fimbo kwa wastani wa karibu kilomita 185 kwa saa. Wewe uliyetoka ofisini Ijumaa jioni ukifika 150 umejitahidi. Kwa kasi hiyo uso ulio wima unapeleka mpira chini chini, unadondoka mapema, na ukikosea kidogo unakata kulia hadi vichakani. Nyuzi 10.5 au 12 zingekubebea mpira vizuri tu.

Tena kama lazima uige, waige akina dada wa LPGA. Kasi yao ya wastani ni hiyohiyo ya karibu 150, na wanakuacha mbali kwa sababu wanapiga katikati ya uso wa fimbo na vifaa vyao vimewakaa.

Kuhusu mpini kuna herufi: L ndiyo laini zaidi, kisha A, R, S, mpaka X ambayo ni ngumu kabisa. Kwa makadirio, mwenye kasi ya kilomita 135 hadi 153 aanze kujaribu R, anayezidi hapo ajaribu S, na X aiache kwa wanaovuka 169 au zaidi. Nasema ajaribu kwa sababu herufi hizo hazina kipimo kimoja duniani. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kama S ya kampuni nyingine. Njumu zipo hivyohivyo, namba 42 ya huku siyo 42 ya kule, lazima uingize mguu.

Urefu nao una hadithi yake. Tiger Woods alipochukua Masters mwaka 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, draiva yake ilikuwa na mpini wa chuma wa inchi 43.5. Nyingi zinazouzwa madukani leo zinapita inchi 45. Mpini mrefu unaongeza kasi, ila unapunguza nafasi ya kupiga katikati. Phil Mickelson mwaka 2006 alibeba draiva mbili kwenye Masters, moja ya kukunja mpira upande huu na nyingine upande ule, akashinda. Hawa hawakuuliza ipi imetoka mwaka huu. Waliuliza ipi inafanya kazi yao.

Aironi ndiyo viungo wa kati, na huko fedheha ni kubwa zaidi.

Kuna aironi nyembamba kama kisu, uzito umekusanyika nyuma ya katikati ya uso. Wakubwa wengi wanazipenda kwa sababu zinawapa hisia ya mpira na zinawatii. Kuna nyingine zilizochongwa shimo mgongoni, uzito ukasukumwa kwenye kingo. Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha Ping, ndiye aliyelipa nguvu wazo hilo. Faida yake ni kwamba ukipiga pembeni ya katikati, kichwa hakipinduki sana mkononi, mpira unaenda japo siyo kama ulivyotaka. Zinasamehe. Anayeanza na kununua visu kwa ajili ya sifa ni sawa na timu iliyopanda daraja jana kutaka kucheza kuanzia nyuma na mabeki wasiojua kupokea mpira.

Halafu kuna ubishi wa vijiweni: “Mimi namba 7 napiga mita 150, wewe 135.” Namba 7 ipi? Za zamani zilikuwa na mwinamo wa nyuzi kama 35. Leo zipo namba 7 zenye nyuzi 28 hadi 30, ambazo kwa hesabu za zamani ni karibu namba 5. Mnabishana jina wakati fimbo ni tofauti.

Kuna na ulalo, pembe kati ya mpini na ardhi. Fimbo ikiwa imesimama sana kwa mwili wako, ncha ya kichwa inainuka na mpira unaelekea kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Ikilala sana, ncha inachimba na mpira unaenda kulia. Mtu anaweza kulipia kocha miezi mitatu kurekebisha swingi wakati tatizo ni nyuzi mbili za ulalo.

Bryson DeChambeau ndiye aliyelipeleka jambo hili mbali kuliko wote. Aironi zake zote zina urefu mmoja, inchi 37.5 hivi, kwa sababu anataka asimame vilevile na kuzungusha vilevile kila pigo. Watu walimcheka. Kachukua US Open mwaka 2020, karudi kaichukua tena 2024. Simwambii mtu anunue za Bryson, maana hapo tutakuwa tumerudi kulekule. Cha kuiga kwake ni kwamba alianza na mwili wake, fimbo ikafuata.

Watakuja wazee wa klabu na hoja yao: mpigaji mzuri anapiga na chochote, Seve Ballesteros alijifunza ufukweni Pedreña na aironi namba 3 moja tu. Ni kweli, na ni hadithi tamu. Ile fimbo moja ilimfundisha Seve mikono. Lakini British Open tatu na Masters mbili hakuzichukua na fimbo moja. Alipoingia vitani alikuwa na mfuko kamili. Wangapi walianza na fimbo mbovu kama yeye wakaishia hapohapo? Hao hakuna anayewaandika.

Hapo ndipo napotaka tusikilizane. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Tanzania na Kenya walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Kijana wa miaka 12 anapewa seti ya mzee mwenye futi sita, mipini ya chuma, ugumu wa S. Anashukuru, na ana haki ya kushukuru. Ila ile fimbo inamfundisha mambo. Ni ndefu, kwa hiyo anasimama mbali na mpira. Ncha inainuka, mpira unakwenda kushoto, anaanza kuzuia viganja visigeuke. Ni nzito, anairusha kwa mgongo. Miaka mitano baadaye kocha wa timu ya taifa anaona swingi iliyopinda na kusema mtoto hana kipaji.

Wengine wanaona dawa ni kuikata. Ukikata mpini unauongezea ugumu, na kichwa kinabaki na uzito wa mtu mzima. Umempa mtoto nyundo fupi.

Dawa haihitaji bajeti ya wizara. Klabu zikusanye fimbo zinazotolewa na wanachama, zipangwe kwa urefu, uzito na ugumu wa mpini kabla ya kugawiwa. Mtoto apewe nne au tano zinazomkaa, siyo 14 zisizomkaa. Akirefuka, azirudishe achukue nyingine, wa chini yake arithi. Academy za soka zinafanya hivyo na njumu, gofu inashindwa nini?

Na wewe bosi unayejipanga kununua, kabla ya kutoa pesa paka uso wa draiva unga wa chaki, piga mipira kumi, kisha tazama alama zimekaa wapi. Zikitawanyika ovyo, jaribu yenye mpini mfupi zaidi au mwinamo mkubwa zaidi. Kwa aironi, chora mstari wa wino nyuma ya mpira, uelekeze wima kwenye uso wa fimbo, halafu piga. Wino ukitoka wima usoni, ulalo umekukaa. Ukitoka umeinama, waone mafundi kwanza.

Ile seti ya zamani ukitaka kumpa kedi wako, asante sana. Ila mpe kwanza apige mbele yako, uone kama inamkaa.