Karata, Kalongolongo na Mzazi Mkristo wa Eastlands

Jumapili alasiri, ibada zinapokwisha Jericho, Umoja na Kayole, watoto huvuliwa nguo za kanisani na kuachiliwa nje. Hapo ndipo mzazi Mkristo wa Eastlands hutoa sheria ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtoto anaijua. Kati ni ruhusa. Blada pia ni ruhusa kwa wasichana, maadamu sketi ni ndefu. Bano haina neno, ila matope yasiingie nyumbani. Karata ni marufuku, na kalongolongo ni marufuku zaidi.

Ukiitazama kwa makini, sheria hii inajipinga yenyewe. Karata hukatazwa kwa sababu ya kuhusishwa na kamari. Mtoto akikutwa nazo, hata kama anapanga tu kopa na shupaza kwa rangi zake, hunyang'anywa na kuombewa. Ilhali bano aghalabu huchezwa kwa kushindaniana zile gololi zenyewe: mwenye shabaha huondoka na mali ya mwenzake, na aliyetoka nyumbani na gololi kumi huweza kurudi mikono mitupu akilia. Atakayesema kwamba bano ni ustadi na karata ni bahati hajawahi kumwona mzee hodari wa karata akihesabu zilizokwisha kuchezwa. Mchezo usio na dau umekatazwa. Wenye dau umeruhusiwa.

Asili ya mkanganyiko huu ni mazoea ya kuusaka uovu katika alama. Mwaka 1994 Rais Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ikafikishwa Bungeni mwaka 1999. Si haki kuibebesha tume hiyo kila hofu iliyofuata. Hata hivyo, hofu za aina ile humzoeza muumini kuchunguza picha iliyochorwa juu ya kitu kabla ya kuuliza kitu chenyewe kinamfanya nini mtoto.

Kalongolongo ndiyo iliyodhulumiwa zaidi. Mzazi huogopa mchezo wa baba na mama, na hofu hiyo si ya kupuuzwa: watoto wa rika tofauti wakijifungia chumbani, mtu mzima ana haki ya kuugonga mlango. Lakini dawa ya mlango uliofungwa ni kuufungua. Kalongolongo inayochezwa peupe, kwa makopo ya maziwa na wali wa mchanga, ni maigizo kamili yenye wahusika, mandhari na mgogoro. Shule za upili za Kenya huitambua michezo ya watoto kuwa kipera cha fasihi simulizi, kwa hivyo mtoto hukatazwa akiwa na miaka sita jambo atakaloulizwa darasani baadaye.

Tena watoto hao hao huigiza kanisa. Mmoja hushika kijiti akakifanya kipaza sauti, akanguruma, akawawekea wenzake mikono wakaanguka. Wazazi hucheka na kumtabiria uchungaji. Mtoto yule yule akiigiza baba anayerudi usiku akiupiga mlango teke, mchezo hukomeshwa papo hapo. Kinachokomeshwa hapo si dhambi ya mtoto. Mzazi ameonyeshwa nyumba yake mbele ya majirani, na kioo ndicho kinachopigwa.

Ilhali kibanda cha michezo ya video hakionekani kuwa na hatia, madhali kwenye skrini kuna kandanda tu. Lakini katika vibanda vingi kanuni ni moja: anayeshindwa ndiye anayelipa. Mtoto wa miaka tisa hujifunza kuweka shilingi zake rehani kwa matokeo ya mechi, na kutoka hapo hadi kubashiri kwa simu ya kaka yake si safari ndefu. Hakuna anayemwombea huyu.

Kanuni ya mchezo ndiyo inayostahili kupimwa: anayeshindwa hufanywa nini, mdogo hupewa nafasi gani, na je, mtu mzima aweza kupita akaona? Shirika la michezo ya vijana la Mathare, MYSA, lililoanzishwa mwaka 1987, lililielewa hilo mapema. Timu zake zilipata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa, wala si kwa mabao pekee. Mpira ulibaki ule ule; kanuni ndiyo iliyobadilika. Makanisa ya Eastlands yenye nyua zinazofungwa kwa kufuli Jumatatu hadi Jumamosi yangeweza kujaribu jambo kama hilo, hasa sasa ambapo watoto hucheza kati katikati ya magari yaliyoegeshwa.

Nabii Zekaria, akiahidi kurejeshwa kwa Yerusalemu, alitaja njia za mji zilizojaa wavulana na wasichana wakicheza. Hakutaja walichokuwa wakicheza. Mtaa wa Jerusalem upo hapa hapa Eastlands, na Jumapili ijayo makopo yatakuwa nje tena. Mzazi mwenye shaka angeweza kuketi kizingitini na kuuliza kama kuna nafasi iliyobaki katika kalongolongo. Huenda akapewa kuwa mtoto.